Namba Sitini ya Ida Crabtree

Haya, kaa vizuri nikutegee kimoja, na usiropoke kabla hujafikiri. Watu sitini wako njia moja, wote wanakimbizana, lakini atakayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake anaitwa mwizi. Na adui yao wote yumo mkononi mwa mzee mmoja aliyekaa kando ya barabara kwenye kiti cha kukunja. Ni nini hicho?

Umeshindwa. Nipe mji, na huo mji uwe na chai ya moto. Ni mbio za baiskeli za kushindana na saa, ambazo watu wetu wa huku Yorkshire wanazipenda kuliko usingizi wa Jumapili asubuhi. Unaachiwa peke yako, dakika moja baada ya mwenzako, na kujikinga na upepo mgongoni mwake ni kosa. Maili tano kwenda, unageuka, maili tano kurudi, na mzee wa saa anakwambia ulivyo.

Katika klabu ya Ravensdyke alikuwako mjane mmoja, Ida Crabtree, miaka sitini na saba, miguu myembamba kama spoki, na maneno yake akiyaweka akiba. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa na kazi mbili pale klabuni. Ya kwanza, kukimbiza baiskeli. Ya pili, kuipiga chapa orodha ya kuanza, kwa mashine yake ya taipu, mezani jikoni kwake.

Orodha hiyo ina adabu yake. Wenye kasi hupewa namba zinazoishia na sifuri, na sitini, ya mwisho kabisa, ni ya bingwa. Wa polepole huwekwa mwanzo. Kwa hiyo Ida miaka yote hiyo alikuwa namba moja, au mbili, ikizidi sana tatu. Aliondoka watu wakiwa bado wanasugua mafuta mapajani, akarudi wakiwa wanajipanga kuondoka. Waliomwona akivuka mstari ni wawili tu: Wilf Sugden, mzee wa saa, na mbwa wake.

Sasa, mkutano wa Januari. Katibu wa klabu alikuwa Norman Tordoff, muuza mazulia, mtu wa miaka arobaini na kitu. Si mtu mbaya Norman, ila akishika kalamu anajiona serikali. Alileta sheria mpya: mbio za kwanza za Aprili, asiyemaliza chini ya dakika thelathini na sita hatapokelewa tena mpaka mwaka uishe. Alisema wasimamizi wa njia wanachoka kuamshwa mapema kwenye baridi kwa ajili ya mtu mmoja anayejikokota. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Mwaka uliopita Ida alikuwa amemaliza kwa thelathini na sita na nusu.

Mtu mmoja aliuliza kama hiyo ni haki. Norman akasema Ida hatapotea, atashika birika la chai, kazi ya heshima. Kisha akaongeza lile neno. "Tena tuseme kweli, jamani. Nani humu amewahi kumwona Ida akimaliza?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki, na hilo ndilo lililouma. Ida alikuwa palepale kwenye kona, anaandika kumbukumbu za mkutano. Akakiandika na kicheko chenyewe: wajumbe walicheka.

Machi ikaja. Norman aliandika orodha yake kwa penseli nyuma ya karatasi ya bei za mazulia, akampa Wilf ahakiki muda wa kila mtu, Wilf akaipeleka kwa Ida. Ida akavaa miwani, akaingiza karatasi kwenye mashine. Namba moja ilikuwa yake. Aliitazama kwa muda. Akainuka, akamimina chai, akainywa yote amesimama dirishani. Kisha akarudi akapiga jina la bingwa: moja, T. Lumb. Akashuka mpaka chini kabisa akapiga: sitini, I. Crabtree.

Majina mawili tu. Mengine hakuyagusa. Akalamba stempu sitini, akaenda posta kwa miguu yake. Na sheria ya huku ni kwamba orodha ikishawafikia wakimbiaji, dakika uliyopewa ndiyo yako. Ukichelewa, saa haikungoji. Ukiwahi, hawakuachii.

Siku ya mbio ukumbi wa kijiji ulikuwa unanuka mafuta ya misuli na mkate uliochomwa. Trevor Lumb, fundi bomba, bingwa wa miaka minne, alikuwa anabandikwa namba moja mgongoni kwa pini huku anapiga miayo. Alisema tangu aachishwe ziwa hajawahi kuamshwa saa hizi. "Ida, mama, usinipite tu njiani mbele ya watu."

"Nikikupita nitakupungia mkono, mwanangu."

Norman hakucheka. Alipanda kwenye benchi na kuuliza nani amechezea orodha yake. Pini tu zilikuwa zinalia kwenye sahani. Akasema basi sikilizeni: akipatikana ni mkimbiaji, muda wake wa leo unafutwa, kama vile hakuja. Akipatikana ni ofisa wa klabu, anaiacha kazi leoleo. Macho yake yalipita kwa kila mtu, yakamruka Ida, yakatua kwa Wilf, maana orodha ilipitia mikononi mwa Wilf.

Baadaye akamfuata Ida pembeni, sauti ya kubembeleza. "Pole, mama. Najua wewe unaandika unachopewa. Badilishana na Trevor kimyakimya, yaishe."

"Dakika yangu ni saa mbili kamili, Norman. Barua ninayo."

Norman akaenda zake. Unaona jambo hilo? Miaka thelathini na miwili, na katika watu wote mle ndani, hakuna aliyemfikiria hata kwamba anaweza kukosea kwa makusudi. Ida aliifunga kamba ya kiatu mara mbili ili wasimwone uso.

Saa mbili kasoro dakika moja alikuwa juu ya baiskeli, kijana mnene wa klabu jirani ameishika siti kwa nyuma isianguke. Mwanzishaji akahesabu, tano, nne, tatu. Akaachiwa.

Maili ya kwanza upepo ulikuwa rafiki. Ya pili ukakumbuka ni wa kutoka milimani, ukampiga ubavuni. Nyonga ya kushoto ilianza kunung'unika, Ida akaiambia inyamaze, kuna kazi. Hakuwa na mtu mbele wa kumwona wala nyuma wa kumsukuma. Lori la maziwa lilimpita karibu, upepo wake ukamvuta hatua kumi za bure, akazichukua. Kwenye mzunguko wa kugeukia, msimamizi mwenye fulana ya rangi ya chungwa alimkodolea macho. "Tunamngoja bingwa. Wewe ni nani?"

"Sitini," Ida alisema, akageuka.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. Upepo usoni, machozi yanakimbilia masikioni, pumzi inakwaruza kama mlango mbovu. Kwenye kilima cha shamba la Dobson mwili ulimwambia shuka gia, utulie, una miaka sitini na saba, nani anakuona? Hakushuka gia. Alizisimamia pedali kwa miguu yote miwili, kitu ambacho daktari alikuwa amemkataza, akamtukana Norman kwa kila mzunguko mpaka juu, matusi ambayo sitayaandika hapa.

Na kwenye mstari? Watu walikuwa wametoka. Hawakumtokea yeye, wametoka kwa mazoea tu, maana kila mwaka namba sitini inapokaribia watu hushika vikombe vyao na kutoka kuitazama. Wamesimama pande zote mbili za barabara, Trevor na jasho lililomkaukia, Norman na chaki sikioni. Halafu Trevor akaanza kupiga kikombe chake kwa kijiko, wakafuata wengine, na Ida akavuka mstari katikati ya kelele za vyombo, mdomo wazi, kofia imemkaa upande. Wilf alibonyeza saa. Akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaitazama tena.

"Thelathini na tano, hamsini na mbili."

Sekunde nane chini ya sheria. Mwaka mzima wa mbio ulikuwa wake.

Ukumbini Norman aliandika muda wote ubaoni, na mwisho kabisa, mbele ya sitini, akaandika 35.52. Ida alikuwa amekaa, kikombe mkononi, anaisoma ile namba kama barua ya mtu aliyempenda. Ndipo Norman akageuka, chaki bado mkononi. Hakupaza sauti. Alisema mchezo umekwisha na yeye anauliza mara ya mwisho, na asipojibiwa atachukulia ni Wilf, na saa ya klabu itabaki mezani leo.

Wilf alikuwa ameishika hiyo saa tangu Norman hajazaliwa. Hakujitetea. Alimtazama Ida mara moja, akajua, Ida akaona kwamba amejua. Akamwona anavuta pumzi taratibu, pumzi ya mtu anayejiandaa kusema uwongo wa hisani.

Ida akaweka kikombe chini. Akasimama, nyonga ikimuuma, akatembea mpaka mbele ya ubao mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kutomwona.

"Umemuuliza kila mtu humu ndani, Norman," alisema. "Mimi hukuniuliza. Ni mimi."