Jiwe Kati ya Salamu Mbili

Maman Eulalie alifika mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka njiani, akakuta kijana wake Mugisho amekwisha kuvishwa tairi shingoni. Hapo mtaani Bagira, mchana kweupe, watu wakitoka misa! Pikipiki imepotea, mtu mmoja amepaza sauti "mwizi ni yule," basi, nani atauliza tena? Mugisho alikuwa anapita tu kununua mkate. Kinywa kilimjaa damu, na Gaston, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeshika bidoni ya esanse, dumu zima la petroli.

"Papa Gaston, huyu ni mutoto yako! Unamujua!"

"Mwizi hana mama," akajibu Gaston, akamsukuma Eulalie matopeni.

Eulalie hakuwa mtu wa kuomba kwa kunong'ona, hata! Tangu ahamie kanisa la uamsho, sala kwake ilikuwa vita. Rozari ya mama yake mzazi aliiita kazi ya kasuku. Akainua mikono, akapiga kelele kama walivyozoea kanisani kwake: "Shetani, nakufunga! Kwa jina la Yesu, moto!"

Ole wake. Neno hilo, mahali hapo!

"Moto!" wakaitikia vijana, na fimbo zikaanza upya. Gaston akafungua kifuniko cha bidoni.

Hapo ndipo Maombi, kitinda mimba wa Eulalie, mtoto aliyelelewa magotini pa bibi yake, alipojipenyeza kati ya miguu ya watu. Akapiga magoti kando ya kaka yake. "Salamu Maria, umejaa neema," akaanza kwa sauti nyembamba, akafika katikati, akanyamaza. Bibi alimfundisha hivyo: mmoja anaanza, wengine wanamalizia. Alingoja tu. Hakuwa na shaka kwamba wataitikia.

Na watu wa Bagira, waliokuzwa na rozari masikioni, midomo iliwatangulia. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Hata Gaston, bidoni mkononi: "...utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Fimbo zikashuka. Nani atampiga mtu kabla ya Amina? Mtoto akaanza nyingine, na nyingine tena. Mwanamke mmoja akakimbia kuita polisi.

Kisha kikohozi kikambana Maombi. Akamgeukia mama yake. "Maman, pokea! Bibi alisema mutu akichoka, mwingine anapokea."

Eulalie akafungua kinywa. Maneno aliyajua, aliyanyonya na maziwa. Lakini Joviale, dada wa kanisa lake jipya, alikuwa pale anamtazama, na aibu ikamshika. Kiburi, jamani! Akasita kidogo tu. Jiwe likaruka kutoka nyuma, likampiga Mugisho jichoni.

"Salamu Maria!" akapiga yowe, akamlalia mwanawe kwa mwili wote. Akaendelea kusali, damu ya mwana ikimwingia mdomoni, na watu wakaitikia mpaka polisi wakafika. Pikipiki ilionekana siku ile ile. Mwenye pikipiki alikuwa amemwazimisha shemeji yake, akasahau.

Siku hizi, kila jioni, Maombi hupiga magoti kando ya kitanda cha kaka yake. "Asante Yesu kwa jicho lililobaki," anasema, kisha ananyamaza, anamngoja mama aitikie.

Eulalie hufungua kinywa, kisha hukifunga na kunyoosha shuka la mwanawe. Basi ni Mugisho anayesema "Amina."