Ua wa Mdogo Mtu

Dada mtu hakuwahi kumwonea mdogo wake wivu kwa gari wala kwa mume. Alikuja kumwonea kwa sakafu. Mdogo alikuwa amemwaga zege ua mzima, likapigwa niru ya saruji laini hadi ukaweza kuhesabu meno yako humo, na wapita njia wakawa wanasimama langoni kusifu. Dada naye alisifu, kwa mdomo tu. Moyo ulikuwa unaungua.

Kilichomkereketa hasa ni mama yao, mjane mwenye magoti mabovu, aliyekuwa mbioni kuhamia kwa mmoja wao. Dada ndiye kifungua mimba. Mama akae kwa nani tena?

Akamwita fundi.

"Huku nje tupige ufagio zege likiwa bichi," fundi akashauri. "Inabaki mistari, mguu unashika. Au tuache kokoto zionekane."

"Mistari? Kwani nalima matuta? Nataka niru, ing'ae kuliko ile ya mdogo wangu hapo jirani."

"Mvua ikinyesha, dada..."

"Mvua niachie mimi."

Fundi akashika mwiko wake, akapiga niru.

Sakafu ilipokauka, dada akaisugua kwa sabuni, akamwalika mama. Manyunyu yalikuwa yametoka kupita. Mama akatia mguu mmoja, ukateleza, akadaka nguzo ya lango.

"Mwanangu, hapa sipiti."

"Nipe mkono, mama, nikushike."

"Leo utanishika. Kesho ukienda kazini je?"

Akageuza, akajikongoja hadi nyumba ya pili, kwa mdogo mtu. Dada akamfuata amefura. Kwani kule si niru ileile?

Haikuwa ileile. Kutoka langoni hadi mlangoni sakafu ilikuwa imedonolewa kwa patasi, mikwaruzo mitupu, mng'ao wote umekwenda na maji. Mama alikuwa anapita juu yake, hata ukutani hagusi.

"Nani kakuharibia hivi?" dada akauliza.

"Nimeagiza mwenyewe," mdogo akajibu. "Juzi mama aliteleza kidogo. Nikaona aa, wa nini urembo huu?"

Dada akaitazama ile mikwaruzo. Jambo dogo namna ile, na halikumpitia kichwani hata mara moja. Alitamani kulia.

Mama alikwisha keti barazani, viatu vyake vimepangwa kando ya mlango. Akamwona bintiye mkubwa amesimama, akatabasamu.

"Mbona umeganda hapo? Karibu kwetu, mwanangu."