Ubaridi wa Nyumba ya Skolastika

Bibi alianza kuugua mwezi wa nane, mwaka ule ule tuliohamishiwa kwenye kijiji kipya karibu na Simbo. Sisi wa nyumba kumi za kando ya barabara tulipewa mabati, ili wageni wa serikali wakipita waone maendeleo. Asubuhi nyumba yetu ilikuwa nzuri tu. Ikifika saa saba, bati linalia ta! ta! na bibi anatoka jasho mpaka mkeka unalowa. Chakula cha mchana akawa hakigusi.

Jirani yetu alikuwa Skolastika, mjane kutoka Bangwe, wazazi wake watu wa Kongo. Bati lake kama letu, ukuta kama wetu, mti hana. Siku moja mama alikwenda kwake kuomba moto, akarudi amekunja uso.

"Marcelina, mle ndani baridi kama mtungini! Yule amechukua ubaridi wetu, katuachia joto lake. Bibi yako anakwisha hivi hivi tunaangalia. Jumapili namwambia balozi wa nyumba kumi, arudishwe kwao."

Zilibaki siku nne. Nilikaa barazani nachambua maharage, macho kwa Skolastika. Kila akitoka shamba alikuwa na mzigo wa nyasi kavu, na mtu mwenyewe hafugi hata sungura. Siku ya tatu nilipiga hodi nikaingia, sikungoja karibu.

Alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, anashindilia nyasi kati ya fito na bati, anazikaza kwa kamba za mgomba. Juu ya kuta mbili alikuwa ametoboa matundu, upepo unapita.

"Shikamoo, mama."

"Nani kakutuma? Balozi?"

"Sikutumwa. Hizo nyasi za nini?"

"Joto la bati linaishia humo, halishuki. Lakini si walisema nyasi ni mambo ya kale, atakayeonekana nazo ananyang'anywa bati? Haya, nenda kaseme."

Nilimwambia mama peke yake. Akacheka kwa dharau. "Nyasi! Na wewe umeshalishwa maneno."

Jumapili mama alisimama mbele ya Balozi Bonaventura akayamwaga yote ya ubaridi, nyasi hakuzitaja. Watu wakaanza kusogea mbali na Skolastika. Nikinyamaza, anafukuzwa. Nikisema, anaezuliwa bati. Nikasema hivi:

"Balozi, saa saba njoo ukae kwetu, kisha ukae kwake. Ndipo uamue."

Alikuja. Kwetu alijifuta jasho mara tatu, akatoka bila kumaliza maji. Kwa Skolastika aliketi kigodani, akafungua vifungo vya shati, akatulia. Halafu akatazama juu. Skolastika alikuwa amebana mikono kifuani. Unyasi mmoja ulianguka gotini kwa balozi, akaupangusa.

"Mimi naona bati," alisema. "Na nyinyi, mkiulizwa, mmeona bati. Bibi aletwe alale humu mchana."

Bibi alilala humo wiki nzima, na siku ya pili aliomba ugali. Mama mwenyewe akaenda kukata nyasi. Skolastika alipoona hazitoshi, alimletea mzigo wake mmoja na kamba juu yake.

Mama alisema asante. Mlango wa Skolastika ulipofungwa, akaufungua ule mzigo uani, akakung'uta nyasi moja moja, akainusa na kamba, ndipo akaniambia nipande juu ya kinu.