Mkono wa Gia

Mtaani walimwita Mzee Breki, naye hakukasirika. Aliendesha gari la barua tangu ujana hadi kustaafu, na hakuwahi kugonga hata kuku. Akiona kuku upande wa pili wa barabara, alipunguza mwendo. Akiona kuku ndani ya tenga, kafungwa miguu, alipunguza vilevile, maana kuku, alisema, haaminiki. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alipenda kuwaambia wateja kwamba ndoa yao ilichelewa kufungwa kwa sababu bwana harusi alikuwa njiani, nyuma ya kuku.

Kisha likaja lile jambo la paa. Mzee alipanda mwenyewe kugongomea bati lililokuwa likipigapiga, akashuka haraka kuliko alivyopanda. Mifupa iliunga, lakini mkono wa kushoto ukabaki kama shemeji aliyekuja kutembea akanogewa: unakaa tu pajani, unatazama wenzake wakifanya kazi. Haunyanyuki, haushiki.

Na gari lao, jeupe, dogo, lilikuwa la gia za kubadilisha kwa mkono. Usukani uko kulia, kwa hiyo dereva hushika gia kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo penye kazi.

Mtu mwingine angetafuta gari la kisasa linalojibadilishia gia lenyewe. Mzee Breki alikuwa na neno lake juu ya magari hayo: "Lile si gari. Ni kitanda chenye honi."

Asubuhi moja, mafurushi ya sare yakiwa yamejaa kiti cha nyuma na shule inangoja, Mzee aliliwasha gari akaweka gia ya kwanza kwa mkono wa kulia, kwa kujikunja kama mtu anayejikuna mgongoni. Wakatoka. Gari likaanza kulia, linataka gia ya pili. Mzee akaachia usukani ili aifuate hiyo gia, nalo gari, kwa kuachiwa, likaenda kuutazama ua wa jirani. Mkewe alikuwa ameketi kushoto na mkoba wake magotini. Hakufikiri. Alinyoosha mkono wa kulia, akaivuta gia nyuma kama anavyovuta kitambaa kilichonasa kwenye cherehani.

"Hapo hapo!" Mzee akapiga kelele, akaudaka usukani. "Usiguse tena! Umepata!"

Ndivyo ilivyoanza. Yeye Mzee alibaki na miguu yake, usukani, honi na indiketa, vyote vya mkono wa kulia. Mkewe akachukua gia, breki ya mkono, waipa, feni ya kufuta ukungu kwenye kioo na taa za hatari. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Mzee, na tangu siku hiyo akamwita mkewe Kondakta.

Mwanzoni alikuwa akimwimbia: "Mbili! Haya, tatu! Rudisha mbili!" Baadaye hapakuwa na haja. Kondakta aliangalia goti la kushoto la mumewe. Goti likishuka, klachi imekanyagwa, mkono unakwenda. Wala hakuwa anatazama mkono. Mtu aliyetia uzi kwenye tundu la sindano maisha yake yote hashindwi na rungu la gia.

Na kabla ya yote hayo, mkanda. Kishikizo cha mkanda wa dereva kiko upande wa kushoto wa kiuno, upande wa yule shemeji mvivu. Kila safari Kondakta aliinama juu ya kifua cha mumewe, akauvuta mkanda, akauchomeka hadi ukalia *ta!* Mzee alinyanyua kidevu na kutazama juu, kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati. Hawakulizungumzia hilo. Kuna mambo ya ndoa yakizungumzwa yanaharibika.

Hakuna aliyejua, hadi binti yao alipopiga simu. Huyu binti alikuwa nesi katika wodi ya mifupa, mji mwingine. Kila siku alipokea watu walioletwa kutoka barabarani, na aliyoyaona huko yalimwondolea utani.

"Mama, mkono wa baba umepona au haujapona?"

"Umepona, mwanangu. Unapumzika tu."

"Mkono haupumziki, mama. Nakuja Jumamosi. Mje mnichukue stendi, baba aendeshe, mimi nitaangalia. Nikiona kasoro moja tu, ufunguo naondoka nao."

Kondakta aliweka simu chini, akatazama dirishani. Mumewe alikuwa uani anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wake mzima, anapiga mluzi. Akamwona akilini bila ufunguo: ameketi barazani anangoja kuitwa kula. Angekuwa saa iliyosimama, ipo ukutani lakini hakuna anayeitazama. Moyo ukamuuma. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa namna yake, akaenda kutafuta mtandio mpana.

"Nitajifunika miguu, nijifanye nasikia baridi," alimweleza mumewe. "Mtandio utafunika gia. Mkono wangu utakuwa chini yake. Ataona nini?"

"Ataona mama yake kazeeka ghafla."

"Bora mimi nizeeke kuliko wewe unyang'anywe."

Njia ya mwongo ni fupi, nao walianza kuiona ncha yake pale stendi. Binti alishuka na begi lake, akamkumbatia mama, akainama dirishani kwa baba. Mzee alikuwa amekwisha kufungwa mkanda nyumbani; akishuka, ni nani atamfunga tena mbele ya nesi?

"Baba, shikamoo. Mbona hushuki?"

"Marahaba, mwanangu. Nikishuka watanichukulia nafasi ya kuegesha."

"Nani? Pale nyuma kuna nafasi tele."

"Ndio hao hao."

Binti akamtazama mama. "Basi nikae mbele. Nyuma huwa nasikia kichefuchefu."

"Kiti hiki nimekikalia tangu hujazaliwa," alisema Kondakta, akijitandaza. "Ukitaka cha kwako mwambie mumeo anunue gari. Ingia nyuma, fungua dirisha."

Safari ilianza vizuri kupita kiasi. Goti likashuka, mkono ukaenda. Goti likapanda, gari likateleza kama siagi. Kwenye mzunguko Mzee alipisha magari yote, na mwendesha baiskeli, na mtu aliyekuwa amesimama tu. Binti alianza kulegea. "Kwa kweli, baba," alisema, "nilitishika bure." Kondakta akatabasamu dirishani, tabasamu la mwizi aliyepishwa njia na polisi.

Mvua ikaanza. Si ya kutisha, ile ya rasharasha, lakini madirisha yalifungwa, na watu watatu wakipumua ndani, kioo cha mbele kikaanza kupata ukungu kutoka pembeni. Waipa, akawaza Kondakta, kisha feni. Ila waipa iko nyuma ya usukani, upande wake, na kuishika lazima mtandio udondoke. Binti alikuwa ameegemea katikati ya viti, amewatumbulia macho.

"Nitangoja atazame pembeni," akajiambia.

Binti hakutazama pembeni. Alimletea simu. "Mama, tazama mjukuu wako anavyosimama mwenyewe. Ivute picha kwa vidole viwili, utaona na jino."

Sasa niambie wewe, bibi gani angekataa? Alichukua simu kwa mkono wa kushoto. Jino halikuonekana. Akauchomoa ule wa kulia chini ya mtandio, kidogo tu, avute picha kwa vidole viwili kama alivyoambiwa.

Ni hapohapo barabara ilipoanza kuteremka kuelekea kivuko cha shule. Goti la Mzee likashuka. Klachi chini, anangoja gia ya pili. Gia haikuja. Gari, lisiloshikwa na injini, likachukua kasi ya mteremko. Kioo kilikuwa kimefumba kama jicho lenye mtoto wa jicho, na nyuma ya ukungu ule kukatokea kitu cha bluu, duara. Mwavuli. Chini ya mwavuli, mwanamke na watoto wawili wameshikana mikono.

Mzee hakupata jina lake bure. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Matairi yakateleza, gari likainamisha pua, injini ikazima. Mikanda ikawabana wote watatu vifuani na kuwarudisha vitini. Simu ikaruka. Na Kondakta, bila kuambiwa, akaivuta breki ya mkono, akabonyeza taa za hatari, akapiga swichi ya feni, akajinyoosha akawasha waipa. Mtandio ulikuwa chini, miguuni, kama nguo ya mtu aliyekimbia.

Waipa ikafuta mara moja. Mwavuli wa bluu ulikuwa mbele kabisa ya boneti. Ungeweza kuhesabu vifungo vya koti la yule mama.

Naye yule mama, asiyejua lolote, alinyanyua mkono akawashukuru kwa kusimama. Mtoto mmoja akawapungia pia. Wakavuka.

Ndani ya gari taa za hatari zililia *tik-tak, tik-tak*.

"Ametushukuru," Mzee alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umemwona? Ametushukuru."

"Baba," binti akasema polepole, akitazama mkono wa mama yake ambao bado ulikuwa kwenye waipa. "Tangu lini?"

"Tangu paa," akajibu Kondakta. "Kosa ni langu. Ningewasha waipa mapema, lakini nilikuwa nakuficha wewe."

"Kosa si lako. Nani alikuwa ameshika usukani?" Mzee akageuza uso. Mtu aliyemjua angejua kwamba ameamua, na hakuna aliyemjua kama mkewe. "Nifungue," akamwambia.

Kondakta akainama juu ya kifua chake, akabonyeza kishikizo. Mkanda ukarudi wenyewe begani. Mzee akashuka, akazunguka nyuma ya gari mvuani, akafungua mlango wa nyuma. "Haya, nesi. Pita mbele. Nilikufundisha gari hili mwenyewe, natumaini hukusahau."

Alikuwa amesahau nusu. Gari liliruka mara mbili kama mbuzi kabla ya kukubali kuondoka. Mtu aliyeendesha barua miaka yote ile aliketi nyuma na maji yakimchuruzika, asitoe hata kasoro moja, na kunyamaza kwake huko ndiko kulikomuumiza Kondakta kuliko kelele zozote.

Wakaingia barabara kubwa. Goti la kushoto la binti likashuka. *Krak*, gia ya tatu ikaingia.

"Mama!"

"Nini?"

"Aliyebadilisha nani, mimi au wewe?"

"Si mimi," alisema Kondakta, akiuvuta mkono wake mapajani. "Ni mkono."

Kutoka kiti cha nyuma kikaja kikohozi, na kikohozi kikawa kicheko, na Mzee Breki akacheka hadi akafuta macho. Binti alijaribu kubaki nesi, akashindwa.

Jioni, chai ikiwa mezani, ufunguo ulikaa mbele ya binti kama kitu kilichokufa. Alikuwa hajaugusa.

"Chukua, mwanangu," alisema Mzee. "Nilikuwa nahofia kugonga kuku maisha yangu yote, leo nimekaribia kugonga watoto. Lakini usiende nao mbali. Mpe mama yako."

"Mama hajui kuendesha, baba."

"Mama yako anaendesha nusu. Amebakiza nusu. Usimnyime mtu aliyefika nusu ya mlima."

"Mimi mzee," alisema Kondakta.

"Pale kwenye gari ulikuwa na mikono minne. Uzee huo ulikuwa wapi?" Mzee akamwuliza.

Binti aliusukuma ufunguo kuelekea kwa mama yake. "Leseni kwanza," alisema. "Na nitapiga simu kwa mwalimu mwenyewe kuuliza."

Mwalimu wa udereva alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, mwenye subira ya kulipwa. Alishangaa. Mwanafunzi huyu alisikia injini kabla haijalia. Klachi aliijua kwa hesabu za goti la mtu mwingine. Sasa alilitumia la kwake. Kasoro yake ilikuwa moja, na mwalimu hakuwahi kuiona kwa binadamu mwingine: kila alipotaka gia, mkono wake wa kulia ulikwenda kuitafuta mlangoni, penye swichi ya dirisha. Badala ya gia ya tatu kuingia, dirisha lilishuka.

"Bibi, unasikia joto?"

"Hapana, mwalimu. Nabadilisha gia."

Ilichukua muda mkono wa kushoto kuamini kwamba sasa kazi ni yake. Siku mwenye kupima alipomwambia amefaulu, dirisha la upande wake lilikuwa wazi na mvua imemlowesha bega.

Jumatatu iliyofuata walipakia mafurushi ya sare. Kondakta aliketi kulia, akasogeza kiti, akarekebisha vioo, akajifunga mkanda wake. Mzee aliketi kushoto, mkoba wa mkewe magotini.

Alisubiri. Upande ule, kishikizo kiko kulia, upande wa mkono mzima. Mzee angeweza kuuvuta mkanda mwenyewe, kuuchomeka mwenyewe, bila msaada wa mtu. Kondakta alilijua hilo. Naye Mzee alilijua. Alikuwa fundi wa magari yote isipokuwa vitanda.

Mzee akanyanyua kidevu, akatazama juu.

"Mkono huo si mzima?" Kondakta akauliza.

"Mzima. Lakini umeshika mkoba."

Kondakta akajifungua mkanda wake, akainama juu ya kifua cha mumewe, akachukua muda wake. *Ta!* Kisha akajifunga tena, akatazama vioo vyote vitatu, akawasha gari.

Mbele ya lango kulikuwa na kuku.

"Breki," alisema Mzee.

"Nimemwona," alisema mkewe, na dirisha likashuka.