Monasteri Iliyohamia Balad

Saa tisa alasiri Elphas Barasa hufungua lango la monasteri, hupangusa vumbi kwenye kioo cha kibanda chake cha ulinzi, kisha hungoja wageni washuke kwenye basi. Monasteri ni ya Wafransisko na ina miaka mia saba. Hadi majuzi ilikuwa katika mji mmoja wa kale huko Italia. Bosi wa Riyadh aliinunua, ikabomolewa jiwe moja moja, ikapakuliwa bandarini Jeddah na kujengwa upya hapa Balad, mtaa wa kale wa Jeddah, katikati ya nyumba za mawe ya matumbawe. Majirani walilalamikia vumbi tu.

Pamoja na mawe ya sakafu walikuja watawa kumi na mmoja waliokuwa wamezikwa chini yake. Mafundi waliyapanga mawe kinyume, upande wa kichwa ukakaa kwenye miguu, na hakuna maiti anayeweza kulala hivyo, kwa hiyo waliamka. Ofisi ya bosi ikawatolea ikama, kibali cha ukaazi, kazi: usafi. Pasi za kusafiria hawakuwa nazo, basi wakavuliwa kamba zao za kiunoni, zile zenye vifundo vitatu, zikafungiwa kabatini Riyadh pamoja na pasi za Wakenya kama Elphas. Sasa wanafagia kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia kanzu. Wageni wanapenda sana kuwapiga picha.

Wafula, kaka yake Elphas, alikuwa fundi wa mawe. Alianguka kutoka mnara wa kengele wiki moja kabla ya ufunguzi, akafa. Mwili hauwezi kusafirishwa bila barua ya kafili, mdhamini wa kazi, na kafili ni bosi, na bosi ana shughuli nyingi. Baada ya miezi mitatu Wafula alichoka na baridi ya mochari, akarudi kazini kwa miguu. Elphas alimpa kikombe cha chai, naye Wafula akakishika tu ili kupasha mikono moto.

"Nataka nilale Webuye, kando ya baba," Wafula alisema. "Hapa nasimama tu, ndugu yangu. Miguu imekwisha."

Tangu hapo Elphas hakuwa na ombi lingine duniani. Alipiga simu Riyadh kila Jumapili. Kila Jumapili aliambiwa bukra, kesho.

Nyumbani Webuye nako walichoka. Selipher, mke wa Wafula, alikuwa amekaa matangani miezi tisa, na mjane hatoki matangani kabla ya mazishi. Wazee wa ukoo wakafanya vile hufanywa maiti asipopatikana: walikata mgomba wenye kimo cha Wafula, wakauvalisha suti yake ya harusi, wakautia jenezani, wakaulilia usiku kucha na kuuzika. Chifu alikuwa ametoa kibali cha mazishi kwa jina la Wafula, maana bila kibali hakuna kuchimba. Selipher alimtumia Elphas video na picha ya kibali.

Elphas aliitazama video mara nyingi, akalia. Akajiambia kwamba hata bosi ana mama. Na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Bosi alikuja Alhamisi na wageni wake. Elphas alimfuata hadi kisimani, akampa simu kwa mikono miwili.

"Bosi, tafadhali. Ni barua moja tu. Tazama vile familia inalia."

Bosi aliitazama video yote. Si mtu asiye na huruma. Alipomwona Selipher ameangukia jeneza alipangusa jicho.

"Masikini," alisema. "Na karatasi hii inasema nini?"

"Ni kibali cha chifu. Inasema Wafula azikwe."

"Basi amezikwa. Mimi nisafirishe nini tena?"

"Bosi, ule ni mgomba."

"Serikali yenu imepiga muhuri. Mimi ni nani niikosoe?" Akamwona Wafula ameegemea nguzo. "Na huyu?"

"Ndiye yeye."

"Ikama yake inaisha lini?"

"Mwakani, mwezi wa tano."

"Halas, yamekwisha. Mpeni kanzu."

Wakampa kanzu ya kahawia, bila kamba. Elphas alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia bosi. Simu ile aliitoa yeye, kwa mikono yake miwili.

Jioni wageni wakiondoka, watawa huinua mawe yao na kujilaza hivyo hivyo, vichwa kwenye miguu. Bruda Anselmo, mkubwa wao, alitaka kumwachia Wafula nafasi yake, kwa kuwa kanuni yao ni kumzika mgeni. Msimamizi Gilbert, mtu wa Eldoret, alikataa. Sakafu imeandikishwa watu kumi na mmoja, na kwa majina. Elphas akampelekea kaka yake kiti cha plastiki cha kibandani. Gilbert alikiona kwenye kamera, akaja kukichukua mwenyewe.

"Usinione mbaya," alisema. "Ni oda. Enzi za hawa mabruda hakukuwa na plastiki."

Baadaye kidogo Selipher alipiga simu. Alisema tangu wazike anapata usingizi, na watoto pia wameacha kuota ndoto mbaya. Kisha akauliza, "Shemeji, kwani unaona amepumzika?"

Elphas alimtazama kaka yake, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Amepumzika," alisema.

Wafula aliitikia kwa kichwa, akabadilisha mguu wa kusimamia.