Kitufe cha Mama

Siku mashine ilipoletwa, mwanangu aliniambia nikae kwanza, kana kwamba anakuja kunipa habari ya msiba.

"Mama, umekoroga vya kutosha," alisema. "Sasa kompyuta ndiyo itakoroga."

Sikubisha. Bega langu la kulia lilikuwa halifiki tena kwenye kamba ya kuanikia nguo. Sosi ya nyanya nilianza kuipika jikoni kwangu nikiwa mjane mpya, na sufuria moja, mwiko mmoja, na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye huyo aliyesimama mbele yangu na shati la mikono mirefu, bosi wa kiwanda. Kiwanda chenyewe ni nyumba ya zamani iliyobomolewa kuta za katikati, lakini thubutu kumwambia hivyo.

Fundi wa kompyuta alikuja na begi la bisibisi, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kompyuta aliiweka ofisini. Ukutani, karibu na sufuria kubwa, akafunga kisanduku kilichojaa nyaya za kila rangi. Nikamuuliza hicho ni cha nini.

"Kompyuta haina mkono wala pua, mama," alisema. "Kisanduku hiki ndicho kinaiambia kompyuta sufuria ina joto gani, na ndicho kinafungua bomba ili sosi iende kwenye chupa."

"Kumbe nimeletewa mke mwenza," nikasema. Jirani yangu anayefunga chupa, ambaye sote tunamwita Mama Vifuniko, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kwenye kisanduku kulikuwa na kitufe cha kijani. Mwanangu akanishika bega, lile zima.

"Hiki ni chako, Mama. Wewe ndiye utakayeangalia kama sosi imeiva. Ukiridhika, bonyeza. Usipobonyeza, bomba halifunguki."

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Nadondosha tone kwenye kisahani cha baridi, naangalia kama maji yanajitenga pembeni. Yakijitenga, bado. Tone likitulia, nabonyeza, na punde bomba linafunguka. Uchovu wa mikono ukaondoka, ukaja uchovu wa kukaa. Sikujua kama kukaa kunachosha namna ile. Jioni nilirudi nyumbani nimekakamaa mwili mzima, na ukiniuliza nimefanya nini, sina jibu.

Asubuhi moja nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na mkate mdomoni, kisahani bado kikavu, nikasikia bomba limefunguka. Sosi ikaanza kushuka kwenye chupa kama kawaida. Nilikitazama kitufe, nikatazama na kidole changu. Wenzangu walipotoka kwenda kula mchana, nilichungulia nyuma ya kisanduku. Waya wa kitufe changu ulitoka, ukajikunja, ukaishia hapo hapo. Ncha yake ilikuwa imefungwa utepe mweusi vizuri, kama kidonda cha mtoto.

Nililia kidogo, siwezi kuficha. Halafu nikacheka peke yangu. Mwanangu angeweza kuniambia nibaki nyumbani, yakaisha. Badala yake alimsumbua fundi atoboe tundu na kufunga kitufe, kwa ajili ya mama yake tu. Nikajisemea, huyu mtoto ananipenda. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kubonyeza. Na niseme ukweli, kila nilipoangalia kisahani, mashine ilikuwa imepatia. Iliniudhi sana, lakini ilipatia.

Ikaja siku ya mnunuzi. Alikuwa mwanamke wa miwani kutoka duka kubwa, anakuja kutuona tukifanya kazi. Akiridhika, sosi yetu itapata nafasi kwenye rafu zake. Mwanangu alikuwa hakai wala hasimami toka asubuhi, simu sikioni. Mnunuzi alipofika, akatoka kwenda kumpokea getini.

Hapo ndipo nilipoisikia harufu, harufu ya sukari inayoanza kuungua. Nikadondosha tone kwenye kisahani, likaanguka zito na jeusi. Swichi kuu ya umeme ilikuwa ofisini, ofisi ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwanangu. Mama Vifuniko akakimbia kumwita. Mimi nikabaki na kitufe changu. Nilijua hakiendi kokote. Nikakibonyeza hata hivyo, nikakibonyeza tena na tena, moshi unapanda na machozi yananitoka, na sikujua kama ni ya moshi au ni ya kitu kingine.

Walipoingia, sufuria nzima ilishakuwa lami. Mwanangu akazima umeme. Mnunuzi akaziba pua kwa leso.

"Kumetokea nini?" akauliza.

Mwanangu akatazama sufuria, akatazama kisanduku, kisha akanitazama mimi. Niliyaona macho yake yakitafuta pa kutua.

"Ni mama yangu," akasema. "Kuna kitufe anatakiwa abonyeze. Leo amesahau. Umri, unajua tena."

Mnunuzi akanigeukia kwa huruma. Bora angenitukana. "Pole, mama. Watu wazima waachwe wapumzike."

"Kuanzia kesho hatakuwepo hapa," mwanangu akasema haraka. "Mashine yenyewe haina tatizo."

Mama Vifuniko alifungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga. Yule nimemzaa mimi, sikutaka kumvua nguo mbele ya mgeni. Mnunuzi akakubali kurudi Ijumaa, akaenda zake.

Alasiri fundi akaitwa. Akachomoa kile kijiti kinachopima joto ndani ya sufuria. Kilikuwa kimegandwa na sosi kavu pande zote, hakisikii joto tena. Kompyuta ilidhani sufuria bado ya baridi, ikazidi kuchochea moto.

"Nilisema kifutwe kila asubuhi, bosi," alisema taratibu.

Mwanangu akakuna kichwa. Fundi alipoinamia nyaya zake, akanisogelea.

"Mama, nisamehe. Nilibabaika. Ningesema mashine ina kasoro, angeondoka asirudi. Na wewe hupotezi kitu. Utakaa nyumbani, utapumzika, kila unachotaka nitakuletea."

Nilisimama, magoti yakalia. Nikapitisha mkono nyuma ya kisanduku, nikauvuta ule waya na utepe wake mweusi, nikamwekea ncha yake kiganjani.

Sura ilimshuka. "Ulikuwa unajua?"

"Siku nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mapenzi, mwanangu. Ningekataaje? Sikujua umenitengenezea mahali pa kunitupia lawama."

"Haki ya Mungu, Mama, sikukiweka kwa ajili hiyo."

"Najua hukukiweka kwa ajili hiyo. Lakini tangu kifungwe ukutani, hiyo ndiyo kazi pekee kiliyoifanya."

Mimi nilikuwa nimechoka, sina hata nguvu ya kupandisha sauti. Miaka yote ile ya kukoroga haikuwahi kunichosha kama maneno yale mawili, amesahau na umri. Nikamgeukia fundi.

"Baba, waya huu unaunganishika?"

"Unaunganishika, mama. Nikiuunganisha, bomba halitafunguka mpaka ubonyeze. Na wakati wowote ukibonyeza, moto unazimika." Akamtazama mwanangu.

Mwanangu alitazama sakafu. "Nimeshamwambia yule mama kwamba hutakuwepo."

"Umemwambia pia kwamba nilisahau, na mimi nikanyamaza. Ijumaa atanikuta hapa. Cha kumwambia utakijua mwenyewe."

Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Unganisha," akasema.

Ijumaa mnunuzi alikuja mapema, nami bado nilikuwa na kikombe changu cha chai na kipande cha mkate. Sosi ilichemka, ikapungua, ikawa nzito. Nikadondosha tone kwenye kisahani, likatulia. Chupa zilikuwa zimepangwa chini ya bomba. Mama Vifuniko alishika kifuniko cha kwanza. Kisha kila kitu kikasimama.

Mnunuzi akatazama bomba, akatazama saa yake. "Kuna tatizo?"

Mwanangu akanitazama. Nilimwona, nikamwonea huruma, na sikumsaidia.

"Hakuna," akasema. "Tunamsubiri mama. Siku ile hakusahau. Nilikudanganya."

Mnunuzi akanigeukia. Wote wakanigeukia. Mkate ulikuwa bado mdomoni. Nikautafuna ukaisha, nikanywa chai iliyobaki, nikainuka polepole kwa sababu ya magoti, nikabonyeza.