Waliohesabiwa Jumapili

Miaka kumi na tisa nimekuwa mzee wa kanisa, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuhesabu watu. Mahubiri yakianza tu, nilisimama mlangoni na daftari, nikaanza na mabenchi ya kina mama. Zamani hizo kanisa letu la mtaa, huku mlimani juu ya Kwa Sadala, lilijaa mpaka watoto wakakaa kwenye ngazi za madhabahu. Nikitangaza mia mbili na arobaini, Mama Elinipendo alitabasamu kana kwamba wote amewazaa yeye.

Mwaka juzi tulibaki kumi na tisa. Mimi ni mtu wa hasira, nakiri, na namba ile ilinikasirisha. Usharika unaotusimamia ulishasema mtaa usiofikisha watu hamsini utafungwa, washarika wateremke kusali chini. Wateremke akina nani? Mzee mwenzangu Eliamini, na magoti yale mabovu? Basi Jumapili moja nilipofika kwenye nafasi ya marehemu Mama Elinipendo, pale ubao ulipolika kwa kukaliwa, nikaandika moja. Nilijiambia si uongo, pale ni kwake. Jumapili iliyofuata nikamwandika na mumewe. Kisha mwalimu Hosea, aliyekuwa akisinzia karibu na nguzo ya pili. Kufikia Pasaka nilikuwa na washarika hamsini na wanne, zaidi ya nusu wamezikwa vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani kwao, chini ya migomba.

Vijana nilishawatimua. Waliomba kanisa Jumamosi jioni, waje na gitaa na spika. Nikawaambia hii si baa ya Bomang'ombe. Ufunguo nilikuwa nao mimi, ukabaki mfukoni. Mjukuu wangu Loveness hakunisemesha wiki nzima.

Mwezi uliopita Mchungaji Hellen akapanda kutoka usharikani bila taarifa. Alikaa nyuma, akahesabu mwenyewe. Baada ya ibada alinifuata, Loveness akiwa anakusanya vitabu vya nyimbo.

"Shikamoo, mzee Ebenezeri."

"Marahaba, mchungaji."

"Leo nimehesabu kumi na saba. Daftari lako linasema hamsini na wanne. Hao wengine wako wapi?"

Nililifungua daftari. Nikamwambia kweli, mmoja mmoja, nikimwonyesha walipokuwa wakikaa. Nilipofika kwa mwalimu Hosea nililia, mtu mzima, mbele ya mjukuu wangu. Nimewakumbuka mno watu wale.

"Pole sana, mzee," alisema Mchungaji. "Lakini itabidi niandike kumi na saba."

Loveness akaweka vitabu chini, akatoa simu.

"Mchungaji, samahani. Na sisi tuhesabiwe. Kila Jumamosi tunasali kwenye kile kibanda cha zamani cha mashine ya kahawa. Majina ninayo hapa. Tuko thelathini na sita."

Akaanza kuyasoma. Victoria, mjukuu wa Mama Elinipendo. Mdogo wake, Esther. Jovin, mjukuu wa mwalimu Hosea.

"Jovin?" nikamkatiza. "Yule wa bodaboda?"

"Huyo huyo, babu. Ndiye anayeongoza maombi."

"Kibanda kile si kinavuja?" Mchungaji akauliza. "Kwa nini msisalie humu?"

Loveness alinitazama, kisha akainamisha macho.  Alinisitiri mtoto yule, na aibu ikanichoma kuliko kama angenitaja. Nafasi nilizokuwa nikizijaza kwa kalamu zilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wakinyeshewa hatua chache kutoka mlangoni.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwafungia mlango."

Nikautoa ufunguo, nikamwekea Loveness mkononi. Mchungaji alisema atarudi baada ya miezi sita, ahesabu Jumamosi na Jumapili, ndipo usharika uamue.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kanisani kusali nao. Gitaa linaniumiza kichwa, sitadanganya. Lakini walipoimba wimbo wa zamani, ule wa mazishi ya mama yangu, nilijikuta nikiimba sauti ya nne kwa nguvu zote. Jovin alikuwa amekaa karibu na nguzo ya pili. Hakuna aliyemwambia kwamba babu yake alikuwa akikaa pale.

Mahubiri yalipoanza, Loveness akaniletea daftari jipya.

"Babu, hesabu wewe," akaninong'oneza. "Ila walio hai tu."

Nikasimama mlangoni, nikaanza na mabenchi ya kina mama.